Zimwi Lako Lizaliwe Wapi? Mwongozo wa Mwandishi wa Fantasia, kwa Mifano ya Masasi na Newala

Waandishi wengi chipukizi wa fantasia huanza kuliumba zimwi lao kwa meno. Hupanga kucha, pembe, macho mekundu na uvundo, kisha huliachia kijijini likaue. Ukurasa wa kwanza msomaji hushtuka, wa pili huzoea, wa tatu anajua kila kitakachofuata. Nakuomba ugeuze mpangilio huo. Kabla hujachora jino hata moja, jibu maswali mawili: kiumbe hiki kimetoka wapi, na nani alikihitaji? Asiye na majibu hayo ana mnyama mkali tu, zimwi bado hana.

Mifano yangu karibu yote inatoka kusini mwa Tanzania: Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi, chini yake upande wa magharibi, penye vilima vya mawe. Wamakonde, Wayao na Wamakua wa huko wameishi na viumbe wa kutisha kwa vizazi vingi, katika ngoma, katika ngano na katika mti wa mpingo. Mwandishi wa Kiswahili anayekwenda kuazima mazimwi ya Ulaya kabla hajawasikiliza wazee wa Newala anajinyima mali yake mwenyewe.

Chanzo kwanza

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alikaa Masasi na Newala akikusanya vinyago, nyimbo na masimulizi. Moto wa Majimaji ulikuwa umewaka mwaka mmoja tu kabla. Miongoni mwa aliyoyaandika ni hadithi ya asili ya Wamakonde. Hapo kale alikuwapo kiumbe mmoja porini, ambaye alikuwa bado hajawa mtu. Hakuoga, hakunyoa, alikula na kunywa kidogo sana. Siku moja akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha karibu na makazi yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka pamoja hadi Ruvuma, wakaoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde jingine, na wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda juu, uwandani, na hapo wa tatu akaishi. Wazao wake wakaachiwa agizo la kukaa juu, mbali na mabonde na maji makubwa, kwa kuwa huko chini kuna maradhi na mauti.

Isome hadithi hiyo kwa jicho la mwandishi. Yule kiumbe wa kwanza hakuwa mwema wala mwovu, kwa sababu alikuwa hajaingia kwenye utu. Utu ulikuja kwa kuchonga, kwa kuoga, kwa kupata mwenzi na kwa kuchagua pa kukaa. Basi uovu unaweza kuingia kwenye kila moja ya hatua hizo. Je, angechonga kisha akakataa kuoga? Je, sanamu ingeamka kabla haijamalizwa? Na swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: wale watoto wawili waliobaki mabondeni, nani aliwalilia? Hadithi inapanda mlimani na yule aliyeishi. Mwandishi wa fantasia anayo ruhusa ya kubaki bondeni na wale wawili. Nitarudi kwao.

Usidhani swali la chanzo ni la wanagenzi peke yao. Mwandishi J.R.R. Tolkien aliwajaza maorki, askari wa uovu, katika vitabu vyake, kisha akahangaika hadi kifo chake mwaka 1973 bila kukata shauri walitoka wapi. Katika The Silmarillion, kitabu kilichochapishwa mwaka 1977, wanatajwa kuwa uzao wa viumbe wazuri wa kale waliotekwa, wakateswa na kupotoshwa. Katika maandishi yake mengine aliwafikiria kuwa uzao wa binadamu, na mahali pengine kuwa wanyama waliofundishwa kusema. Ugumu wake ulitokana na imani yake. Aliamini kuwa uovu hauwezi kuumba kitu kipya, unaweza tu kuharibu kilichoumbwa. Sasa ikiwa orki ana roho iliyoharibiwa, mashujaa wanawezaje kumchinja bila huruma na kulala usingizi? Swali hilo litakufuata na wewe. Afadhali ulijibu kwenye daftari lako mapema, kabla msomaji hajakuuliza.

Njia ya pili ya kuuzaa uovu tumeachiwa na ngano za pwani, nayo ina uhusiano na Masasi ambao wengi hawaukumbuki. Edward Steere, askofu wa UMCA, misheni ya Kianglikana, ndiye aliyeanzisha makazi ya Masasi mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Miaka sita kabla, mwaka 1870, alikuwa amechapisha ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula mifugo, watu wanakwenda kushtaki, sultani anajibu kuwa paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anakula watu, jibu ni lilelile. Siku paka anapowaua wana wa sultani ndipo mzee anatamka kuwa huyu si paka tena, huyu ni nunda.

Hapo pana darasa zima. Nunda hakuzaliwa nunda. Alilelewa na mwenye mamlaka aliyetetea kilicho chake, mlo baada ya mlo. Ukitaka kiumbe kitakachomfanya msomaji awakumbuke wakubwa fulani bila wewe kuwataja, mfuate nunda. Jifunze pia hila ya pili ya ngano hiyo: mwana wa mwisho anakwenda kuwinda na kila mara analeta mnyama mkubwa zaidi, na kila mara mama yake anamwambia siye. Msomaji anapewa ukubwa wa nunda kwa kuonyeshwa vitu ambavyo si nunda. Kabla hujaeleza umbo la zimwi lako, jaribu kwanza kulizungushia ushahidi wa namna hiyo.

Mwili ufuate chanzo

Ukishajua kimetoka wapi, sasa unaweza kukipa mwili, na walimu wa hapa ni wachongaji. Katikati ya karne iliyopita Wamakonde wengi wa upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge, na baadhi wakafika Dar es Salaam na patasi zao. Mmoja wao, Samaki Likankoa, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vya mashetani katika miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba sanamu aliyokuwa akiichonga ilivunjika kiungo. Badala ya kuitupa, akaona ndani yake sura ya nnandenga, pepo wa porini anayesimuliwa kwao. Mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera, akaipenda na kumhimiza aendelee. Kutoka hapo likatokea kundi zima la viumbe wenye jicho moja, mguu mmoja, masikio yanayofika kiunoni, tumbo lililotobolewa ukaona upande wa pili.

Tazama kinyago cha shetani kilichochongwa vizuri, hata kwenye picha. Hakuna kiungo kilichoongezwa ili kutisha tu. Mkono umepinda kwa sababu tawi la mpingo lilipinda, na mchongaji ameufuata mpindo huo hadi akapata tabia: huyu ni mwizi wa maji, huyu msikilizaji wa siri, huyu mlafi. Wewe nawe ufuate mpindo wa habari uliyonayo. Ikiwa kiumbe chako kilizaliwa na njaa ya mwaka fulani, njaa hiyo ionekane mwilini. Kama kilizaliwa na ahadi iliyovunjwa, kiwe na kiungo kinachongoja. Na ukiona umeandika pembe bila kujua ni za nini, zifute.

Halafu kuna George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Miaka ya 1970 alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kutoka hapo michoro na vinyago vyake vikasambaa Ulaya, Marekani na Japani. Mashetani wake wana masikio makubwa, midomo iliyovimba, vidole viwili au vitatu, na rangi kali. Wanacheza ngoma, wanabeba mizigo, wanachekana, wanagombana. Wanaishi mtaani kwetu. Kwa maoni yangu Lilanga amewafundisha waandishi jambo ambalo vitabu vingi vya fantasia havijalifikia: kiumbe cha ajabu kinaweza kuwa kibaya Jumatatu na jirani mwema Jumanne. Shetani wa mchongaji si lazima awe Ibilisi wa msikitini au wa kanisani. Anakosea, anasumbua, pengine anasaidia. Amua mapema zimwi lako liko wapi kati ya hao. Lina hiari ya kutenda wema likaukataa, au uovu ndio tabia yake kama sumu ilivyo tabia ya nyoka? La kwanza ni la kusikitisha, la pili ni la kukimbia. Hadithi mbili tofauti kabisa hutoka humo.

Kuna na njia ya tatu, ya Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia aliyetoka pwani hiyohiyo ya kusini. Katika Mashetani, iliyochapishwa mwaka 1971, vijana wawili wasomi wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu, na uigizaji unaanza kuwala wenyewe. Shetani pale ni mkoloni aliyeondoka bila kuondoka. Kama unataka uovu wako ubebe siasa, kaisome tamthilia hiyo uone mashaka ya mhusika yanavyofanya kazi ambayo hotuba ndefu isingeifanya.

Nani anajua siri

Katika jando la Kimakonde, mcheza ngoma ya mapiko huvaa kichwa cha mti kilichochongwa na kufunikwa nguo hadi ngozi yake isionekane popote. Upande wa Tanzania wengi huviita vinyago hivyo midimu. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kuwa huyo ni mfu aliyerudi. Kijana aliyeingia jandoni alikutanishwa na lipiko, yaani mcheza ngoma huyo, uso kwa uso, akapambana naye, kisha kichwa kikavuliwa, naye akaona mtu anayemfahamu. Toka siku hiyo akawa mtunza siri, na kazi ya kuwatisha wengine ikawa yake.

Sijui chombo kingine cha kusimulia kilicho kizuri kama hiki. Kwenye fantasia nyingi, kuvuliwa barakoa ndio mwisho wa hofu. Jandoni ndio mwanzo wa wajibu. Basi panga tangu mwanzo ni nani katika kijiji chako cha kubuni anayejua ukweli wa zimwi, ni nani anayejifanya hajui, na ni nani ambaye kweli hajui. Wamo akina mama waliojua miaka yote, wakanyamaza kwa heshima ya ngoma. Mhusika wa namna hiyo ana thamani kuliko mashujaa kumi wenye panga.

Angalia pia dini mpya inapoingia. Masasi, chini ya Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, kanisa la Anglikana lilitengeneza jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku la zamani. Katika ulimwengu wako, ikija imani mpya, zimwi litafanya nini? Litakufa, litabadili jina, au litakaa mlangoni kungoja watoto wa waumini? Usiliache swali hilo wazi kwa uvivu.

Tutengeneze wawili

Turudi kwa wale watoto wa bondeni, maana mwongozo bila kazi ya mikono haujakamilika. Hiki ninachokitengeneza hapa ni mfano wangu wa kubuni, usikitafute kwa wazee.

Chukua jiografia kama ilivyo. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha, mchanga unainywa. Kwa miaka mingi, kabla mradi wa maji ya bomba haujaanza katika miaka ya 1950, wanawake walishuka miteremko mirefu alfajiri kwenda kuteka bondeni, wakapanda tena na mitungi. Watu walikuwa wamejificha juu, katika vichaka vizito, wakiwakwepa wawindaji wa watumwa na wavamizi wa Kingoni. Hao wa mwisho ndio walioivamia Masasi mwaka 1882. Ukisimama Newala penye ukingo uitwao Shimo la Mungu, ardhi inaanguka mbele yako na bonde la Ruvuma linatandaa hadi Msumbiji. Salama iko juu, uhai uko chini. Mwandishi hahitaji zawadi kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa waweke watoto wawili huko chini. Chanzo chao: waliachwa bila jina. Mwili wao: mama yao alichongwa, kwa hiyo ngozi yao ina mistari ya mti, na kwa kuwa wamekaa majini tangu siku ya kwanza, haikauki. Hawakukua. Mikono yao ni ya wazee. Sheria yao: hawawezi kupanda wenyewe, lakini kila mtungi unaopandishwa huwasogeza hatua moja. Anayewaleta ni mama anayewatekea wanawe maji. Haja yao: wanamtaka mtoto wa tatu wa kila nyumba, kwa sababu wa tatu ndiye aliyeishi mahali pao.

Ona jinsi kila kitu kinavyotoka mahali pamoja. Hofu inakaa ndani ya kazi ya kila siku isiyoepukika. Kijiji kikiacha kuteka maji, kinakufa. Kikiendelea, wanakaribia. Na dawa yao? Mkuki hautafaa. Pengine bibi mmoja anajua kwamba wakipewa majina watatulia, lakini mwenye jina ni ndugu, na ndugu ana haki ya shamba. Wazee wa ukoo watakubali kugawa ardhi kwa wafu wawili? Hapo umeshapata sura tano za riwaya, na hujamwaga damu bado.

Kama unapenda kiumbe cha nyama na mifupa, wasome simba wa kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na kusini-mashariki mwa nchi ndiko kulikoumizwa sana. Nguruwe pori walifuata mazao, simba wakafuata nguruwe, na mkulima alikuwa amelala dunguni shambani akilinda mahindi yake. Mnyororo huo wa sababu ni wa kweli na unatisha kuliko uchawi wowote. Juu yake watu wakaweka maelezo mengine: huyu si simba wa porini, ni simba wa kutumwa. Mwandishi mzuri atashika ncha zote mbili, ya nguruwe na ya mtumaji, asiiachie yoyote hadi mwisho.

Mpaka wa kuheshimu

Hapa nasema kwa uzito. Ukitafuta sura ya zimwi, usiichukue kwa jirani. Katika nchi yetu kuna bibi walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka sitini, wakauawa. Kuna watu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa sababu mtu fulani alisadiki hadithi. Upande wa pili wa Ruvuma, katika Muidumbe, uvumi wa simba wa kutumwa uliwafanya watu wawaue majirani zao mwaka 2002 na 2003. Hadithi ina nguvu, na nguvu hiyo haiishi kitabu kinapofungwa. Zimwi lenye sura ya bibi mpweke, la mwenye ulemavu au la kabila fulani ni uvivu wa kisanaa na ni hatari kwa watu walio hai. Ukihitaji mchawi katika riwaya yako, mpe mamlaka, mali na marafiki wakubwa.

Siri za jando na unyago nazo zina wenyewe. Mengi yameandikwa na wageni, na kuandikwa kwake hakuyafanyi kuwa halali yako kuyaanika. Uliza, na ukikatazwa, buni. Ndiyo maana inaitwa kazi ya kubuni.

Kama unaye mzee Newala, Masasi, Tandahimba au popote kusini, mtembelee kabla ya Oktoba, kabla korosho hazijaanza kuvunwa na watu kukosa nafasi. Mwulize walitishwa na nini walipokuwa wadogo, kilikaa wapi, na nani alikisimulia wa kwanza. Andika jibu lake kwa maneno yake, kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua ikibidi, na umsomee akusahihishe. Kisha ndipo uanze riwaya yako.